Mabaka meupe ya binti yangu: barasi, ukoma au utangotango?

SWALI: Asalaam alaykum dokta. Mie naandika kutoka Wete. Binti yangu ana miaka 19, tangu msimu wa karafuu katokwa na mabaka meupe shingoni na mgongoni, yalianza madogo kama punje za mchele sasa yameungana. Jirani mmoja kasema barasi, mwengine kasema ukoma, na posa ishaletwa, juzi shangazi wa upande wa mume kaja kuuliza kulikoni. Nlimpaka tyubu ya dukani yakapoa wiki mbili kisha yakarudi kwa wingi. Silali dokta.
Mama wa Wete

JIBU: Waalaykum salaam mama, pole sana. Mtu hapimwi kwa barua, ila ntakwambia mie nnavyotazama akija mgonjwa wa namna hii.

Mtoe binti mlangoni penye mwanga wa jua, mkwaruze baka moja taratibu kwa ukucha. Likitoa unga mwembamba mwembamba, kama vumbi la unga wa ngano, basi moja kwa moja nafikiria utangotango. Huyo ni fangasi anaekaa kwenye ngozi ya kila mtu, mie ninae na wewe unae, hana tabu mpaka joto na jasho vizidi, sasa fikiria mtoto kashinda kwenye majamvi ya karafuu na baibui la nailoni juu, shingo na mgongo vimelowa kutwa. Tena haambukizi. Anatibiwa kwa shampuu ya ketokonazo, inapakwa kwenye ngozi, inakaa dakika kama 5 kisha inasuuzwa, mfamasia atakwambia siku ngapi. Lakini hapa ndo wengi wanapokata tamaa: fangasi anakufa ila weupe unabaki hata miezi kadhaa mpaka ngozi itengeneze rangi upya. Ukiona baka bado lipo ila halitoi unga tena, subiri, usikimbilie dawa nyengine.

Barasi ni weupe wa maziwa kabisa, pembeni umekatika kama mtu kachora, ukikwaruza hautoi kitu. Khasa hukaa midomoni, kuzunguka macho, vidoleni, kwenye viwiko, na pengine hata vinyweleo vya pale huwa vyeupe. Ni kinga ya mwili wenyewe inaziua chembe zinazotengeneza rangi. Haiambukizi mama, si kwa sahani moja wala kitanda kimoja. Michael Jackson alikuwa nayo, kasema mwenyewe mwaka 1993 alipohojiwa na Oprah Winfrey. Dawa zipo, na ikiwahiwa rangi huweza kurudi.

Ukoma alama yake kubwa ni ganzi. Baka lenyewe haliwi jeupe pee, huwa limefifia au lina wekundu. Mwambie binti afumbe macho, mguse kwa kijipamba, mara kwenye baka mara kwenye ngozi nzima, aoneshe kwa kidole umemgusa wapi. Akipotea palepale kwenye baka, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na hata ukiwa ukoma usilie, dawa zake ni bure, ni za miezi 6 au 12, na mtu anapona.

Kilichoniuma kwenye barua yako ni ile tyubu. Nyingi za dukani zina steroidi ndani, yaani dawa ya kupunguza uvimbe na muwasho isiyoua fangasi, zinatuliza ngozi juu juu huku fangasi anapata nafasi ya kutambaa, ndo yale ya kupoa halafu kurudi kwa wingi, na ikipakwa muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba na kubadilika rangi kabisa, hapo hata daktari anababaika. Iache leo.

Huyo shangazi mjibu kwa upole kwamba mtoto anapelekwa hospitali, jina la maradhi litasemwa na daktari, si jirani. Pale Wete waombe wamkwangue ule unga wautazame kwenye darubini. Na ile tyubu, hata kama imekwisha, ichukue pamoja na boksi lake wasome alikuwa anapakwa nini.