Kabla ya Kuifuata Nyutrino, Jifunze Kufunga Bolti

Mwezi uliopita kijana mmoja wa mwaka wa tatu chuoni alinitembelea nyumbani hapa Kisumu, akiwa na daftari lililojaa milinganyo, akaniuliza: "Daktari, nikitaka kuwa mtafiti wa nyutrino, nianzie wapi?" Nilimwuliza kama amewahi kuifungua pampu ya maji na kuifunga tena. Akacheka, akidhani ninamtania.

Sikuwa na utani. Nyutrino ni chembe isiyo na chaji ya umeme, ambayo huipenya maada bila kuigusa isipokuwa kwa nadra mno. Zile zitokazo juani hupita katika ukucha wa kidole gumba kwa makumi ya mabilioni kila sekunde, usiku zikitokea chini ya miguu yetu baada ya kuivuka dunia nzima. Mwanafizikia Wolfgang Pauli alipendekeza kuwapo kwake mwaka 1930, lakini Frederick Reines na Clyde Cowan waliithibitisha mwaka 1956 tu, kando ya tanuri la nyuklia huko Marekani. Mwaka 1965 Reines huyohuyo na wenzake walinasa nyutrino za angani katika mgodi wa dhahabu wa Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi. (Habari hiyo ya bara letu niliipata nikiwa tayari na shahada mbili, na sijaacha kushangaa.)

Wazo, basi, lilitangulia. Kazi kubwa ikawa kuunda chombo cha kulithibitisha, na hapo ndipo ninapowashauri vijana waelekeze mikono yao. Mimi nilianza kwenye vitambuzi, yaani vyombo vya kunasia chembe, na mkataba wangu ulipokwisha nilipata kazi kwenye viharakisha chembe kwa sababu moja: nilijua kutafuta uvujaji katika mitambo ya ombwe, ile inayoondolewa hewa ndani, yaani kupuliza heliamu kidogokidogo nje ya kila kiungo huku mashine ikinusa kwa ndani. Ujuzi huo unahitajika kotekote, kwa kuwa nyutrino nyingi za majaribio hutokana na protoni zilizoharakishwa na kugongeshwa kwenye kipande cha maada, na viharakisha vingi vya kisasa vyenye nguvu huzisukuma chembe kwa mawimbi ya umeme ndani ya mitungi isiyo na hewa ya niobiamu, metali ambayo ikipozwa hadi nyuzi 271 hivi chini ya sufuri huupitisha umeme karibu bila upotevu wowote.

Adui wa mtungi huo ni vumbi. Chembe moja isiyoonekana kwa macho, ikitua ndani, hurusha elektroni pindi mawimbi ya umeme yanapopandishwa, nazo huleta joto na miale hatari. Kwa hiyo katika chumba safi kila bolti hupulizwa naitrojeni mbele ya kihesabu vumbi mpaka kisome sufuri, ndipo ifungwe.

Jioni moja nilibakiwa na bolti mbili. Kihesabu kilisoma nne, nikapuliza tena, kikasoma moja, na kwa kuwa nilikuwa na njaa nikajiambia kwamba moja si kitu. Wiki kadhaa baadaye mtungi ulipopozwa na kujaribiwa, miale ilianza kuonekana kabla hatujafika nusu ya nguvu tuliyoitarajia. Ilibidi kila kitu kifunguliwe na mtungi uoshwe upya kwa maji safi ya shinikizo kubwa. Msimamizi wangu hakunigombeza. Aliibandika grafu ya jaribio lile ukutani karibu na mashine ya kahawa, nami nikawa nanywea chai mbele ya grafu hiyo kwa miezi miwili. Sina hakika hadi leo kwamba kosa lilikuwa bolti ile, ila niliandika kwenye daftari la kazi kwamba ilisoma moja, na maandishi hayo ndiyo yaliyotuonyesha pa kuanzia. Andikeni hata yale yanayowaaibisha.

Hesabu msiziache, maana bila takwimu hamtatofautisha nyutrino na kelele za kifaa. Lakini likizo ndefu ikifika, ombeni nafasi kwa fundi wa friji au mchomeleaji wa jua kali pale Kibuye, mkalehemu na kupima hadi vidole vizoee.

Yule kijana alirudi Jumamosi. Alikuwa ameifungua pampu ya mjomba wake inayomwagilia mpunga kule Ahero, akaifunga, ikawaka. Kisha akatoa mfukoni nati moja ambayo hakujua ilitoka wapi. Nilimwambia arudi Ahero akaifungue tena yote.