Mwezi wa sita uliokuja mara mbili

SWALI: Nina ujauzito wa wiki 12, na tunaamini mimba ilitungwa tarehe 10 Agosti 2025. Nimetumiwa majedwali mawili ya kalenda ya Kichina ya kutabiri jinsia ya mtoto. Moja linaiweka tarehe hiyo katika mwezi wa sita wa Kichina, jingine katika wa saba, na majibu yanapingana. Lipi limehesabu sawasawa?

JIBU: Mpendwa msomaji, tarehe uliyotaja ilikuwa siku ya 17 ya mwezi wa sita, lakini wa sita wa pili. Mwaka 2025 Wachina walikuwa na miezi ya sita miwili: wa kawaida ulioanza 25 Juni, na wa ziada ulioanza 25 Julai ukaisha 22 Agosti. Aliyesema wa saba amekosea hesabu, na aliyesema wa sita amepatia kwa bahati, kwa kuwa majedwali hayo yana nafasi za miezi 12 tu.

Barua za namna hii hunifikia mara kwa mara, na kinachonisikitisha zaidi ni dhana kwamba kalenda ya Kichina hufuata mwezi pekee kama ile ya Hijria, hata mtu aweze kuipata kwa kupunguza mwezi mmoja kutoka tarehe ya kawaida. Ramadhani huzunguka misimu yote kwa sababu miandamo 12 ina siku 354 tu na hakuna kinachoongezwa. Mwaka mpya wa Kichina ulikuwa 29 Januari 2025, wa 2026 ni 17 Februari, na hautafika Machi wala Desemba. Aidha, hakuna anayengoja mwezi uonekane: siku ya kwanza ni ile ambayo mwezi na jua hukutana angani kwa saa za China, na hupatikana kwa hesabu.

Namba ya mwezi hutolewa na jua. Njia ya jua imegawanywa vituo 24, ambavyo 12 ni vikuu, na kila kituo kikuu huupa namba mwezi kinamoangukia; kile cha Desemba, jua linapofika kusini kabisa, lazima kiwe ndani ya mwezi wa 11. Kwa kuwa kutoka kituo kikuu hadi kingine ni siku 30 na ushei, ilhali mwandamo una siku 29 na nusu, kila baada ya miaka miwili au mitatu miandamo huwa 13 badala ya 12, na wa kwanza usiobeba kituo kikuu hurudia namba ya uliotangulia. Mwaka 2025 jua lilifika kituo kikuu kimoja 22 Julai na kilichofuata 23 Agosti, na mwandamo mzima ukapita katikati yake bila kituo.

Mifupa ya ramli ya enzi ya Shang, ufalme wa kale wa China, iliyofukuliwa Anyang, yenye zaidi ya miaka 3,000, tayari inataja mwezi wa 13, ambao wakati huo ulibandikwa mwishoni mwa mwaka. Kanuni ya mwezi usio na kituo iliwekwa mwaka 104 KK, enzi ya mfalme Wu wa Han, na mwaka 1645 vituo vikaanza kupimwa kwa mwendo halisi wa jua badala ya wastani wake. Wauza majedwali hudai kwamba lao lilitoka katika kaburi la kifalme la miaka 700 iliyopita. Likiwa la kale hivyo, lilitungwa kwa kanuni iliyoachwa mwaka 1645, na programu za simu zinazolitumia leo zinahesabu kwa kanuni nyingine.

Hata ukihesabu bila kosa, jedwali halijui kitu. Watafiti walililinganisha na uzazi wapatao milioni 2.8 wa Sweden, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 yalionyesha kwamba lilipatia karibu nusu, sawa na kurusha shilingi. Wauza majedwali hao hao huuza siku njema za harusi na za kufungua duka, wakijificha nyuma ya elimu ya anga ambayo hawajaisoma, na ninawaomba wasomaji wasitoe hata senti moja, wala wasikubali mwanamke alaumiwe na wakwe kwa sababu ya jedwali kama hilo. Wewe subiri kipimo cha ultrasaundi cha wiki ya 18 hadi 20, na umuulize mkunga wako.