Barua kwa Mwanangu: Zawadi za Mkono za Kupeleka kwa Jamaa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia. Umeniuliza mtengeneze nini cha kuwapelekea jamaa mtakapowatembelea likizo ya kiangazi, na kama zawadi ya kutengeneza nyumbani haitaonekana kwamba mmeshindwa kununua. Naanza na hilo la pili, maana ndilo linalokukosesha raha.

Zawadi ya mkono hudharauliwa ikiwa imelipuliwa, au ikiwa aliyeitengeneza hakumfikiria atakayeipokea. Mshono ukinyooka, nyuzi zikakatwa vizuri, na kitu chenyewe kikawa na kazi, hakuna atakayeuliza bei. Ndiyo maana nakusihi uchague kitu kimoja, ukizoee mpaka mkono ukiweze, kisha uwape karibu wote. Najua unatamani kila mtu apate cha kwake pekee. Lakini wahesabu mashangazi, wajomba, mama wadogo na watoto wao. Ukimfumia huyu, ukamtengenezea yule mshumaa na mwingine sabuni, kila mara utakuwa unajifunza kazi upya, na yule wa mwisho atapata kitu kilichomalizwa usiku wa kuamkia safari. Watoto nao hulinganisha papo hapo. Kitu cha aina moja, rangi mbalimbali, huzuia manung'uniko mengi.

Mishumaa sikushauri kwa safari ya majira ya joto. Ndani ya gari lililofungwa juani joto hupita nyuzi 50 kwa urahisi, na mishumaa mingi hulainika na kupinda kabla hata ya kuyeyuka. Sabuni ya kuchanganya mafuta na kostiki soda, ile kemikali kali inayounguza ngozi, ni nzuri, ila huhitaji wiki 4 hadi 6 za kukaa na kukauka, na kostiki soda haifai kuwa mezani wajukuu zangu wakiwa wanazunguka. Sweta za sufu zisubiri baridi.

Tengeneza mifuko ya kitambaa ya kufunga kwa kamba. Kila mtu ana cha kutia ndani: viatu vya safari, nguo za kuogelea, vifaa vya kufumia, chaja na nyaya zake. Haivunjiki wala haimwagiki, na ukiikunja hata mingi hukaa pembeni mwa sanduku.

Nunua kitambaa cha pamba kisicho chepesi sana. Kifue kwanza na ukipige pasi kabla mkasi haujakigusa, kwa sababu pamba mpya hurudi, mara nyingi asilimia 3 hadi 5, na mfuko ulioshonwa kwa kitambaa ambacho hakijafuliwa hujikunja mishono ukifuliwa mara ya kwanza. Kwa mfuko wa sentimita 30 kwa 40, kata kipande cha upana wa 33 na urefu wa 88. Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 kitakupa mifuko 4 kwa kila mita moja, hata kikirudi. Kunja kipande katikati, uso kwa uso, shona pande mbili, lakini acha sentimita 5 za juu kila upande bila kushona. Hapo ndipo utakapokunja pindo la kupitishia kamba. Tumia kamba 2, kila moja sentimita 80: moja iingie kulia, izunguke mdomo wote na kutokea kulia; nyingine ifanye vivyo hivyo kushoto. Ukizivuta pamoja, mfuko unajifunga wenyewe. Kamba moja hufanya kazi pia, lakini mdomo huvutika upande mmoja na haupendezi.

Watoto wako washiriki kabla ya kushona, kitambaa kikiwa bado kimetandazwa. Wapake rangi ya kitambaa kwenye jani lenye mishipa iliyojitokeza, waligandamize, waliinue polepole. Rangi ikikauka, wewe piga pasi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa ili isitoke kwa maji. Kila mtoto ajue anamtengenezea binamu yupi. Akifika atamkabidhi mwenyewe, na hilo litawazoeza upesi kuliko wewe kuwaambia "nendeni mkacheze."

Wadogo walio chini ya miaka 3 usiwape mfuko huu. Kamba ndefu shingoni mwa mtoto ni hatari. Wao washonewe mpira laini wa vipande vya kitambaa, usio na kifungo, shanga wala kengele. Ukitaka uwe na macho, yadarizi kwa uzi.

Sasa nije kwa wazee, na hapa sitaki ufanye haraka. Mzee ana mifuko ya kutosha. Mtengenezee kitabu cha picha. Tafuta zile picha ndogo za zamani mlizo nazo, uziskani kwa nukta 600 kwa kila inchi, ili ukizichapisha mara mbili ya ukubwa wake zibaki kali na macho yake yazione. Chapisha nakala, picha za asili zibaki kwako. Chukua karatasi nene isiyo na asidi, kunja pamoja karatasi 5 au 6, toboa matundu 3 kwenye mkunjo. Sindano iingie tundu la kati, itokee la juu, iruke mpaka la chini, irudi kati, ufunge fundo. Hiyo ndiyo kazi yote ya kujalidi. Picha zishikiliwe kwa vipembe vya karatasi, vile vya kuchomekea ncha za picha, si gundi.

Chini ya kila picha acha nafasi tupu. Usiandike hata majina unayoyajua. Mkifika, kaa naye, mfungulie ukurasa mmoja mmoja, umuulize huyu ni nani, hapa ilikuwa wapi, aliyeshika mtoto ni nani. Andika maneno yake kwa penseli, kwa namna anavyoyasema. Akichoka, acha mpaka kesho. Akikosea mwaka, usimsahihishe mbele za watu. Mara nyingi wenzake watasogea, wabishane kidogo, na jina lililosahaulika litatajwa na mtu usiyemtegemea. Kabla hamjaondoka, piga picha kila ukurasa. Kitabu kinabaki kwake, nawe utakuwa na majina ya ukoo wako, ambayo baadhi yake hata mimi siyajui.

Kwa hiyo anza na kitabu, wiki hii kama unaweza, kwa kuwa kukusanya picha huchukua muda kuliko kushona. Mifuko unaweza kuigawa: siku moja kukata yote, nyingine kushona yote. Kazi huenda kasi hivyo kuliko kuanza na kumaliza mmoja mmoja.

Niandikie idadi ya watu, na umri wa watoto. Mipira ya wale wadogo nitaishona mimi. Na ile picha ya babu yenu iliyogandana na kioo cha fremu usijaribu kuibandua. Iskani ikiwa hapo hapo kwenye kioo.

Mama yako akupendaye