Jibu: Zamu ya maji ya muda wa saa 6 kila siku 10, nipande nini kwenye ekari 3?

Habari ndugu. Umeuliza kama ekari 3 zote ziwe mahindi au vitunguu. Kabla ya mbegu, pima maji yanayofika shambani, si ya mfereji mkuu. Tuseme ni lita 20 kwa sekunde: kwa saa 6 unapata lita 432,000. Mifereji ya udongo ndani ya shamba nayo huvujisha sana, kwa hiyo hesabu asilimia 60 tu, kama lita 259,000. Mahindi yakichanua wakati wa jua kali hunywa takriban lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku, yaani 50 kwa zamu. Maji yako yanatosha ekari moja na robo, basi.

Kwa hiyo mahindi ekari moja, ekari zilizobaki mtama au choroko, ambayo huvumilia kiu. Hakikisha mahindi hayachanui kipindi ambacho mfereji hupungua. Kiu wakati wa mbelewele (ua la juu) na hariri (nyuzi za gunzi) huacha magunzi yenye mapengo, na maji ya baadaye hayarudishi punje. Vitunguu ningeviacha kabisa: mizizi ni mifupi, na kama udongo wako una mchanga, siku 10 ni nyingi mno. Tuambie udongo ukoje.