Suali la msomaji: dau "linapandishwaje", na dau na kamari ni kitu kimoja?

SUALI: Assalaam alaykum mwalimu. Mie niko Wete, naandika habari za mpira. Juzi niliandika "klabu yapandisha dau kumnasa mshambuliaji", baba yangu ni mvuvi, akaisoma akaniuliza kwani klabu ina dau, na limepandishwa pwani gani? Nilikosa jibu. Dau hili ndo lile lile? Na je naweza kuandika kamari, beti, bahati nasibu kwa kubadilishabadilisha tu ili nisirudie neno moja?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Mpe babako salamu zangu nyingi, maana hakukosea hata kidogo. Kwa mvuvi kupandisha dau ni kulivuta juu pwani maji yakitoka, lifanyiwe kalafati, yaani kuzibwa nyufa, wala yeye hana sababu ya kufikiria pesa. Hayo ni maneno mawili yaliyogongana kwa sura, dau chombo na dau la mchezo, na ubaya wake ni kuwa ngeli nayo haikusaidii, yote mawili ni dau/madau, dau limepanda, madau yamepanda. Kinachotofautisha ni kitendo. Chombo unakishua, yaani unakiteremsha majini, lakini dau la pesa unalishusha. Sasa ukiandika "wamelishua dau" kila mtu wa pwani anaona maji, ukiandika "wamelishusha" anaona pesa, herufi mbili tu zimebadilisha habari yote. Mie kazi yangu ni uhariri na kosa hili nimelisahihisha mara nyingi sana.

Na dau chombo tuliweke sawa pia, maana siku hizi kila kitu chenye tanga kinaitwa dau. Dau limechongoka mbele na nyuma, mashua nyuma yake imekatwa bapa, ngalawa ndo yenye matengo, yale mabao ya pembeni yanayoizuia isipinduke. Nalisema hili kwa sababu niliwahi kumsikia mwanafunzi akieleza methali ya "dau la mnyonge haliendi joshi" kuwa eti maskini akiweka pesa kidogo mchezoni hashindi! Niliumia kwa kweli. Joshi ni kwenda kwa kuukabili upepo, na chombo cha mnyonge, tanga bovu, kamba zimeoza, hakiwezi, kinabaki kusukumwa tu. Methali imetoka baharini, mchezo wa pesa haumo humo kabisa.

Dau la mchezo sasa. Hicho ni kile kitu unachokiweka mbele ukikubali kuwa ukishindwa kimekwenda, iwe pesa, saa, hata kuku. Unaweka dau au unatia dau, akishinda mwenzako kakula, wewe umeliwa. Kutokea hapo ndo likahamia kwenye usajili wa wachezaji, klabu zinagombania mtu mmoja na kila mmoja anaongeza pesa mezani. Matumizi hayo yamekubalika, usiogope, ila jua kuwa pale kwa maana kamili ni ofa au bei, kwa sababu klabu ikikosa mchezaji pesa yake inabaki nayo, haikuliwa.

Kwa hiyo dau si kisawe cha kamari. Kamari ni mchezo wenyewe, dau ni kilichowekwa ndani yake, ukisema "aliweka kamari elfu kumi" umeteleza, sema aliweka dau la elfu kumi au alicheza kamari. Neno kamari tumelitoa kwenye Kiarabu, qimar, ila ukisikia darsa msikitini utakutana na maysir, ndo neno lililotumika kwenye Qur-ani, Suratul Maida aya ya 90, limetajwa pamoja na ulevi. Ndo maana kwetu huku ukimwita mtu mcheza kamari umemshutumu, hukumwelezea tu, kwa hiyo kwenye habari lipime kabla hujaliandika.

Beti ni la vijana, kubeti, na lina msamiati wake, mkeka ni zile mechi ulizozipanga pamoja, ikiharibika moja mkeka umechanika. Ukiweka dau la shilingi 1,000 kwenye mechi tatu zenye odi, yaani namba ya kuzidisha dau lako ukipatia, za 2, 1.5 na 3 unazidisha zote, inakuja 9, utalipwa 9,000, lakini dau lako limo humo humo, faida ni 8,000. Waandishi wengi wanaandika "amepata faida 9,000", sio. Kubashiri ndo neno wanalolipenda wenye makampuni, linasikika laini, ila kubashiri asili yake ni kutabiri tu, hata babako anabashiri mvua na hakuweka senti. Ukilitumia kwa mchezo wa pesa basi dau litaje, msomaji ajue kuna pesa.

Bahati nasibu ni tiketi na droo, huchagui timu wala hutumii akili, usiichanganye na beti. Kubahatisha ni pana, linabeba yote, na ndo lililotumika Bara kwenye Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003.

Wazee walikuwa wakisema tu "tupingane" au "tuwekeane sharti", na mie napenda sana yarudi, hasa kwa vile vibishano vya barazani kwenye dhumna ambavyo anayeshindwa ananunua kahawa. Kichwa chako cha habari mie ningeandika "Klabu yaongeza bei kumnasa mshambuliaji", babako angekisoma mara moja akaendelea na nyavu zake.