Kwa wanaoanza kusoma chanzo cha ulimwengu: iulize kila nadharia inakataza nini

Ukiingia kwenye somo hili kwa mara ya kwanza, wingi wa nadharia ndio utakaokuchosha. Kuna Mlipuko Mkuu, kuna hali thabiti, kuna mfumuko wa ghafla, ulimwengu unaokwenda kwa mizunguko, ulimwengu usio na ukingo. Wanafunzi wengi ninaokutana nao huja wakiwa wameshachagua upande, na kazi ya kwanza huwa ni kuwaondoa hapo. Usichague kitu bado. Chukua kila nadharia uiulize: ni kitu gani kikionekana angani, wewe utakuwa umekwisha? Ile isiyo na jibu, iweke pembeni hata kama hesabu zake zinapendeza.

Zoezi zuri kuliko yote ni nadharia ya hali thabiti, ile inayosema ulimwengu haukuwa na mwanzo. Vitabu vingi huipa aya moja, huitaja kama ujinga wa zamani, kisha vinasonga mbele. Mimi nakushauri ukae nayo wiki nzima.

Shika kalamu. Mwaka 1929 Edwin Hubble, akitumia darubini yenye kioo cha mita 2.5 kwenye mlima Mount Wilson, California, alionyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi. Georges Lemaître alikuwa ameshalipata jambo hilo miaka miwili kabla kutoka kwenye milinganyo ya Einstein. Namba ya Hubble ilikuwa karibu kilomita 500 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26. Sasa rudisha mwendo nyuma. Megaparseki moja ni kilomita 31 zikifuatwa na sufuri 18. Gawa kwa 500 upate sekunde, kisha gawa kwa sekunde milioni 31.6 zilizomo katika mwaka. Utapata karibu miaka bilioni 2.

Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Miamba iliyopimwa kwa vipengele vyenye unururifu ilikuwa inasema Dunia ina umri mkubwa kuliko huo. Mtoto amemzidi mama umri! Basi mwaka 1948 Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold wakaja na njia ya kutokea: ulimwengu unapanuka, sawa, lakini haujawahi kuanza. Maada mpya huzaliwa polepole kati ya galaksi na kuziba nafasi inayoachwa, kwa kiasi kidogo mno ambacho maabara yoyote ingeshindwa kukigundua. Kama hakuna mwanzo, hakuna umri wa kugombania.

Usiwacheke. Tatizo walilolishughulikia lilikuwa la kweli, na nadharia yao ilikuwa jasiri, kwa sababu ilikataza mengi. Ilisema ulimwengu lazima uwe na sura ileile nyakati zote. Nuru ya galaksi za mbali iliondoka huko mabilioni ya miaka iliyopita, kwa hiyo tukizitazama tunatazama zamani. Zikionekana tofauti na za jirani, hali thabiti imekufa. Nadharia chache za leo zinathubutu kujianika namna hiyo.

Haikuanguka kwa siku moja, na hili ndilo ningependa ulione. Mwaka 1952 Walter Baade alionyesha kwamba nyota za Sefeidi, zilizotumika kupimia umbali, ziko za aina mbili na zilikuwa zimechanganywa. Umbali wa galaksi ukaongezeka maradufu, na umri wa ulimwengu nao hivyohivyo. Sababu kubwa ya kuihitaji hali thabiti ikaanza kuyeyuka kabla hata haijapingwa. Kule Cambridge, Martin Ryle akawa anahesabu vyanzo vya mawimbi ya redio na kukuta vile hafifu, yaani vya mbali na vya zamani, ni vingi kupita kiasi, ingawa hesabu zake za mwanzo zilikuwa na kasoro na Hoyle alikuwa na haki ya kuzitilia shaka. Mwaka 1963 zikatambuliwa kwaza, vitu vinavyong'aa mno vilivyoko mbali sana na ambavyo jirani yetu havionekani.

Kisha ikaja ile ya Holmdel, New Jersey. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa ya umbo la pembe, nayo ilikuwa na mvumo usiokwisha. Wakaielekeza upande wa New York, mvumo uleule. Mchana, usiku, majira yakibadilika, uleule. Wakawaondoa njiwa waliojenga kiota ndani na kusugua kinyesi chao, bado. Ulilingana na joto la kelvini 3.5 hivi, yaani nyuzi 3.5 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa, kutoka kila pembe ya anga. Sasa angalia tarehe: Ralph Alpher na Robert Herman walikuwa wameandika mwaka 1948 kwamba kama ulimwengu ulianza ukiwa wa moto, masalia ya joto hilo leo yangekuwa karibu kelvini 5. Namba ilikuwa kwenye karatasi miaka mingi kabla ya njiwa hao.

Wafuasi wa hali thabiti walijaribu kujinasua kwa kusema mvumo ni nuru ya nyota iliyofyonzwa na vumbi na kutolewa upya. Ni hoja inayopimika. Vumbi lenye joto tofauti mahali tofauti hutoa wigo (mgawanyo wa nguvu ya mnururisho kwa kila masafa ya mawimbi) uliochanganyika, lakini setilaiti ya COBE, iliyorushwa mwaka 1989, ilikuta wigo laini wa joto moja, kelvini 2.7 na ushee. Kwangu mimi mjadala uliishia hapo.

Ila usimtupe Hoyle pamoja na nadharia yake. Mwaka 1957 yeye, Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge na William Fowler walieleza jinsi nyota zinavyopika elementi nzito. Mwaka 1964, akiwa na Roger Tayler, alipiga hesabu akakuta heli iliyopo ulimwenguni, karibu robo ya uzito wa maada ya kawaida, ni nyingi mno kuwa imetengenezwa na nyota peke yake. Hesabu hiyo iliwasaidia wapinzani wake, kwa sababu mwanzo wa moto ungeweza kuitengeneza heli hiyo.

Jambo la pili: jua Mlipuko Mkuu unasema nini hasa. Hauelezi nukta ya mwanzo kabisa. Unasema ulimwengu ulikuwa wa moto na uliosongamana, ukapanuka na kupoa. Katika dakika chache za mwanzo viini vya heli vikaundwa. Baada ya miaka 380,000 hivi nuru ikapata njia ya kusafiri. Na leo umefika miaka bilioni 13.8. Kilichotokea kabla ya sehemu ndogo kabisa ya sekunde ya kwanza ni uwanja wa makisio. Kwa hiyo ukisikia kwamba Mlipuko Mkuu umepinduliwa, uliza ni kipande gani. Mwaka 2022 darubini ya James Webb ilipoanza kuonyesha galaksi za kale zinazong'aa kuliko ilivyotarajiwa, vichwa vya habari vilipiga kelele kwelikweli. Kilichotikisika ni makadirio ya kasi ya galaksi kuumbika. Heli, mnururisho wa kelvini 2.7 (ule mvumo wa Holmdel) na kupanuka kwa ulimwengu havikuguswa.

Kuhusu dini nitasema kidogo tu, maana utaulizwa. Lemaître alikuwa padre, na mwenyewe alisisitiza kwamba nadharia yake iko nje ya maswali ya dini. Fuata mfano wake, utaokoa muda mwingi.

Mjadala ulio hai kweli ni wa mfumuko wa ghafla, yaani wazo kwamba ulimwengu mchanga kabisa ulitanuka kwa kasi kubwa mno kwa muda mfupi sana. Alan Guth aliuchapisha mwaka 1981 akijibu swali gumu: kwa nini pande mbili za anga ambazo zinaonekana hazijawahi kukutana zina joto lileile, tofauti ikiwa sehemu moja tu katika 100,000? Jibu lake lilikuwa kwamba zilikuwa pamoja kabla ya kutanuliwa ghafla. Paul Steinhardt, aliyekuwa miongoni mwa wajenzi wa mfumuko, baadaye akageuka mkosoaji, na kuanzia 2001 yeye na Neil Turok wakapendekeza ulimwengu wa mgongano na mizunguko, ambamo kupanuka huanzishwa na mgongano na kisha hujirudia. Lalamiko lake ni kwamba mfumuko una matoleo mengi kiasi kwamba karibu haukatazi kitu. Naliona lina uzito, ingawa udhaifu wa mmoja haumfanyi mwenzake awe sahihi.

Pande hizo mbili zinapogongana hasa ni kwenye mawimbi ya mvutano ya mwanzo, yaani mitikisiko ya nafasi yenyewe. Matoleo mengi sahili ya mfumuko yanasema lazima yawepo. Ulimwengu wa mgongano hautoi karibu chochote. Machi 2014 kikundi cha BICEP2, chenye darubini kwenye Ncha ya Kusini, kilitangaza kimeona alama ya mawimbi hayo. Kufikia Januari 2015, baada ya kulinganisha na vipimo vya setilaiti ya Planck, ilibainika kwamba vumbi la galaksi yetu linatosha kueleza walichokiona. Darubini yao ilipima masafa moja tu ya mawimbi, gigahezi 150, na kwa masafa moja huwezi kutenganisha vumbi na mnururisho wa kale. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi: ripoti mpya ikitoka arXiv, hazina ya mtandaoni ya makala za kisayansi ambako kusoma ni bure, anza na michoro. Tazama pau za makosa (mistari inayoonyesha kipimo kina shaka kiasi gani), hesabu masafa, tafuta kilichodhaniwa bila kupimwa. Maneno baadaye. Na kabla ya kukimbilia uhusianifu wa jumla, nadharia ya Einstein ya mvutano, jifunze kalkulasi na takwimu. Mlinganyo wa Friedmann, unaoeleza jinsi ulimwengu unavyopanuka, utaufuata bila shida.

Leo ugomvi huo umebanwa kwenye namba moja, r, inayolinganisha nguvu ya mawimbi hayo na ile ya mawimbi ya msongamano, yaani tofauti ndogo za msongamano wa maada ya mwanzo. Vipimo vya 2021 vya BICEP/Keck, mwendelezo wa BICEP2, viliiweka chini ya 0.036, na baadhi ya matoleo sahili ya mfumuko yakatupwa nje. Darubini za Simons Observatory katika jangwa la Atacama, Chile, zimejengwa kushuka chini zaidi. Ukiniuliza uanzie wapi kazi, nitakutuma kwenye vumbi: bila kulitoa kwenye ramani za anga, r haitaonekana na mtu yeyote.