Ndege wa kahawia aliyetufuata tezini: ni albatrosi?

SWALI: Mimi ni baharia, mwenyeji wa Mombasa. Tulipopita kusini mwa Rasi ya Tumaini Jema, ndege mkubwa wa kahawia alitufuata siku mbili. Kichwa kimepauka, mdomo mnene wa rangi ya pembe, ncha yake ya kijani. Wenzangu wanashikilia kuwa ni albatrosi mchanga. Nani mkweli?

JIBU: Ncha hiyo ya kijani imekata ubishi, ndugu baharia. Uliyemwona ni petreli mkubwa wa kusini, Macronectes giganteus. Wenzako siwalaumu, maana hata albatrosi mzururaji huanza maisha akiwa wa kahawia. Ila yeye uso wake ni mweupe kama aliyevaa barakoa, chini ya mabawa ni mweupe pia, na mdomo ni wa waridi.

Ukubwa usiutegemee sana, kwani baharini hakuna cha kumlinganisha naye. Petreli huyu akitanda mabawa hufika takriban mita 2; albatrosi mzururaji huweza kufika mita 3 na nusu. Tazama pua. Petreli ana mrija mmoja mnene juu ya mdomo, kama bomba lililolazwa, na matundu mawili mbele. Albatrosi ana vijirija viwili vidogo, kimoja kila upande. Tazama na mwendo: petreli hupigapiga mabawa, kisha huteleza kidogo, albatrosi, upepo ukiwapo, anaweza kwenda muda mrefu bila kupiga hata mara moja.

Wapo pia petreli weupe wenye madoa meusi machache, lakini hao ni wachache.

Makazi yake ni bahari baridi za kusini. Hutaga yai moja tu, chini ardhini, kuanzia Rasi ya Antaktika hadi visiwa vya South Georgia, Falkland na hata Marion, kisiwa cha Afrika Kusini. Nchi kavu hutembea vizuri kuliko ndugu zake wengi, na ndiko anakogombea mizoga ya sili na pengwini, kichwa kikitoka kimelowa damu. Ukimsogelea kwenye kiota hukutemea mafuta ya tumboni yanayonuka vibaya mno. Nguo hiyo utaitupa.

Safari ijayo mpige picha ya mdomo kwa ubavu. Bahari hiyohiyo ina binamu yake wa kaskazini, wanafanana sana, ila ncha ya mdomo wa huyo ni ya kahawia-nyekundu.